Kifurushi Chenye Jina Langu

Habari ya kifurushi ilinifikia darasani, chaki ikiwa mkononi. Tarishi wa posta, mtu mzima mwenye mvi, alisimama mlangoni na kofia yake ameikunja kwapani, akakataa kuingia. Nilimkaribisha tena, akatikisa kichwa. Alisema mkuu wake ananiita, niende sasa hivi, nisingoje kengele. Nikamuuliza kuna nini. Aliwatazama watoto, kisha akateremsha sauti.

"Mwalimu, kuna mzigo umepanda na basi la Mombo. Una jina lako."

Siku nyingine ningefurahi. Lakini majuma machache nyuma redio ilikuwa imetangaza kwamba kiongozi wa wapigania uhuru wa Msumbiji ameuawa Dar es Salaam. Aliletewa kifurushi kwa posta, ndani mlikuwa na kitabu, na kitabu kile kikamlipukia mikononi. Tulisikia habari hiyo tukiwa chumba cha walimu, na chai ikapoa mbele yetu bila mtu kuigusa. Tangu hapo Lushoto ilianza kuogopa vitabu. Mwalimu mkuu wetu aliacha kabisa kufungua bahasha nene. Alizipanga dirishani, na ikimlazimu kuzisogeza alitumia fimbo.

Na mimi, mbali na kufundisha darasa la tatu, nilikuwa katibu wa chama ambacho kazi yake yote ilikuwa kuwaeleza watu mambo ya nchi za nje.

Chama kile alikianzisha mzee mmoja Mlutheri, mwalimu mstaafu, ambaye Waingereza walimpeleka Burma wakati wa Vita Kuu ya Pili. Siku ya kwanza tulipokutana alituambia, "Nilipigana mahali ambapo nisingeweza kupaonyesha kwenye ramani. Nilimpiga risasi mtu ambaye sikujua amenikosea nini. Sitaki mtu wa milima hii aambiwe tena 'twende', akainuka akaenda." Hakikuwa chama cha siasa wala cha dini, na hakikuwa na faida kwa mtu yeyote. Kila Jumamosi alasiri tulifungua ukumbi wa jamii, tukatundika ukutani ramani ya dunia aliyoichora yeye mwenyewe juu ya kitambaa cha amerikani, na mmoja wetu aliyejiandaa akaeleza jambo: vita vya Kongo, njaa ya Biafra, Vietnam, au kwa nini bei ya kahawa yetu hupangwa na watu ambao hawajawahi kuuona mbuni. Alikuja karani wa ushirika, alikuja bwana misitu aliyetoka Tanga, alikuja muuguzi wa hospitali, na wakulima waliotoka gulioni wakaacha matenga yao ya kabichi na matunda damu mlangoni. Mzee alieleza kwa Kiswahili, kisha akarudia kwa Kishambaa kwa ajili ya wale waliokaa mbele na kukinga viganja masikioni ili wasikie vizuri.

Zamu yangu mimi ilikuwa ya Msumbiji. Nilizungumza mwishoni mwa mwaka, mvua za vuli zikipiga bati hata ikabidi nipaze sauti. Siku ile kwenye benchi la nyuma alikaa Mzungu kijana ambaye hakuna aliyemfahamu. Alisema anachunguza miti ya msitu wa Magamba. Tulipomaliza alinifuata, akanisifu kwa Kiswahili cha kuokoteza, akaniuliza jina langu kamili. Nikamtajia, la kwanza, la baba na la babu, naye akaandika. Nilijisikia mtu mkubwa. Nilimsimulia hata mama yangu.

Yote hayo yalinirudia njiani kutoka shule hadi posta, na kila lilivyonirudia miguu ilizidi kuwa mizito.

Niliwakuta watumishi wote wa posta nje, wamejikunyata chini ya upenu wa duka la jirani, na milango ya ofisi iko wazi haina mtu. Mkuu wa posta, mtu wa pwani, mnene, mpole, ambaye siku zote alikuwa akinitania, safari hii hakunitania.

"Mwalimu, unangojea mzigo kutoka Ulaya?"

"Singojei."

"Una ndugu huko? Rafiki?"

"Sina mtu."

Akafuta uso kwa leso. "Umekuja na mfuko wa barua za Ulaya, lakini hauna jina la aliyetuma. Stempu zimelowa, hazisomeki. Ni wa mraba, mzito, mgumu. Mimi naona ni vitabu." Neno vitabu alilitamka polepole. "Nimeutoa nje nyuma huko. Nimeufunika kwa karai."

Alinipeleka hadi kona ya jengo, hatukuenda zaidi ya hapo. Karai la zege lilikuwa limepinduliwa katikati ya majani, na juu yake mtu ameweka jiwe. Mvua ilikuwa ikiligonga karai. Lilikuwa karai tu, la kuchanganyia zege, na nililiogopa kuliko kitu chochote nilichowahi kukiona.

Mkuu wa polisi wa wilaya alifika akiwa na askari wake. Alikuwa mrefu, mtaratibu wa kusema, na hakukanyaga karibu na karai lile. Alisema wataalamu wa mambo haya wako Dar es Salaam, atapiga simu, na hadi waje mtu yeyote asipite nyuma ya posta. Kisha akaniuliza swali nililokuwa nikiliogopa.

"Nani anajua jina lako huko nje?"

Nikamweleza habari za Mzungu wa Magamba. Alinisikiliza hadi mwisho. "Ulimtajia jina la babu yako?"

"Ndiyo, afande."

"Kwa nini?"

"Aliuliza jina kamili, afande."

Wataalamu hawakuja. Mvua zilikuwa zimeangusha udongo na miti kwenye barabara ya Mombo, mabasi yakakwama pande zote mbili, na simu ilikuwa ikikatika kila inaposhika. Kifurushi kikabaki pale chini ya karai siku baada ya siku, na mji ukajifunza kuzunguka. Wenye maduka ya upande ule walifunga. Watu waliokuwa na barua zao walikubali zikae. Siku ya gulio akina mama walipita njia ya juu, kwenye utelezi, mizigo kichwani, ili tu wasikaribie posta.

Na walianza kunikwepa mimi. Hakuna aliyenitukana. Salamu zilifupishwa tu. Mzazi mmoja alikuja kumchukua binti yake saa za masomo akisema anaumwa, wakati mtoto mwenyewe alikuwa akicheka. Kesho yake wakaja wengine. Mwalimu mkuu akaniita ofisini, akasimama nyuma ya kiti chake kama vile kiti kingemkinga.

"Mwalimu, pumzika kidogo nyumbani."

"Nimefanya nini, mwalimu mkuu?"

"Hujafanya kitu. Lakini kama kuna watu wanakutafuta, watakutafuta hapa. Na hapa kuna watoto."

Nilikuwa nikiishi na mama yangu upande wa Magamba, nyumba ya mwisho kabla msitu haujaanza. Baba alikuwa ameshafariki. Ukungu wa msimu ule ulikuwa ukishuka mchana kweupe na kuufuta mgomba uliokuwa mbele ya mlango wetu. Nilikaa jikoni karibu na moto, na kila tawi lililovunjika msituni nililisikia. Nilikuwa nimefundisha umati kwamba Wareno wana ndege na wana majasusi, nikaonyesha kwa ufito kwenye ramani wanakotokea. Nilisema maneno hayo kama mtu anayesoma habari za watu wengine. Haikunijia kwamba kwenye ramani ile Lushoto nayo ilikuwepo.

Mama hakunilaumu. Aliacha tu kwenda shambani. Alikuwa akikaa kizingitini akipukuchua mahindi, mundu wake uko pembeni, na mtu akitokea njiani alisimama hadi apite.

"Binti yangu," aliniambia siku moja, kwa Kishambaa, bila kugeuka. "Hao watu unaowasema kule ukumbini. Umewahi kuwaona?"

"Sijawahi, mame."

"Nao wamekuona?"

"Sijui."

"Basi hilo ndilo baya. Adui yangu mimi namjua hadi shamba lake."

Yule mzee wa Burma, mwenyekiti wetu, alikuja nyumbani siku mvua ilipopumzika. Nilimwamkia, "Shikamoo, mzee," akaitikia, akapewa kigoda, akanywa maji. Alikuwa amekonda. Alisema mkuu wa polisi amechoka kungoja na amempa maneno mawili: kifurushi kitupwe kwenye korongo la mto, au mwenye jina akifungue kwa hiari yake.

"Kitupwe," nilisema mara moja. "Kitupwe leo."

Mzee akaweka kikombe chini. "Nimefikiri hivyo hivyo. Kisha nikaona kitakachofuata. Kikitupwa, lilikuwa bomu. Litakuwa bomu hadi tufe. Watasema chama chetu ndicho kilicholiita, na hakuna mtu atakayeingia tena ukumbini. Hata wewe hutarudi darasani."

"Na likiwa bomu kweli?"

"Nitakifungua mimi. Nimewahi kuonyeshwa jinsi ya kukaa mbali na kitu cha namna hiyo."

Mama akaweka gunzi chini. Akasema, "Mzee, jina lililoandikwa si lako."

"Najua, mama. Ndiyo maana nimekuja kuomba ruhusa yake."

Ningependa kusema kwamba niliinuka kwa ujasiri. Nilibaki nimekaa, nikiutazama mlango wa nyuma. Lakini niliona wazi kwamba mzee yule akifa kwa kitu chenye jina langu, nisingeweza kuishi kwenye milima hii wala mahali pengine. Nikasema nitakwenda naye. Mama akaingia ndani, akanipa mundu wake.

Askari wawili walikichukua kifurushi kwa machela iliyotengenezwa kwa miti mirefu, wakakipeleka nyuma ya uwanja wa mpira, pale palipokuwa na ukuta wa mawe uliojengwa tangu enzi za Wajerumani. Wakakiweka upande mmoja, wakaondoka mbio. Ukungu ulikuwa umelala uwanjani, lakini nilijua mji mzima uko kwenye kilima cha juu unasikiliza, kwa sababu nilisikia mtoto akilia na mtu akimnyamazisha.

Mzee aliufunga mundu wa mama kwenye ncha ya mti mrefu. Tukalala kifudifudi nyuma ya ukuta, kwenye majani yaliyolowa, na yeye akapitisha mti kwenye ufa wa mawe. Hapo ndipo nilipokiona kwa mara ya kwanza. Karatasi ya kaki iliyovimba kwa maji, kamba nyeupe, na jina langu kwa wino wa buluu uliochuruzika. Jina la baba yangu. Jina la babu yangu.

"Inamisha kichwa," alisema.

Niliinamisha. Nikabaki kusikia tu: mundu ukikwaruza kamba, ukiteleza, ukirudi. Mzee alikuwa akihema kwa puani. Udongo ulinuka karibu na mdomo wangu. Nilijaribu kusali, nikakuta sala zote zimenitoka, limebaki jina la mama tu.

"Mzee, uliogopa hivi huko Burma?"

"Kila siku," alisema. "Nyamaza, imeshika."

Kamba ikakatika. Sauti yake ilikuwa ndogo sana, lakini mwili wangu wote uliruka. Hakuna kilichotokea. Akaanza kuchana karatasi kwa ncha ya mundu, kipande kwa kipande, hadi kitu kikateleza kikaanguka kwenye majani, kizito.

Kilikuwa kitabu.

Yule kiongozi wa Msumbiji hakuuawa na karatasi, aliuawa na kitabu. Kililala pale, kikubwa, jalada la kijani, na manyunyu yakaanza tena kukidondokea. Mzee akafuta macho kwa mkono wa koti. Akasogeza mti, ncha ya mundu ikaingia chini ya jalada, ikatoka, ikaingia tena. Mikono yake ilikuwa imechoka. Nikaushika mti pamoja naye. Tukainua.

Jalada likafunguka. Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa samawati, na katikati yake, kwa rangi ya manjano, ilikuwa Afrika.

Ilikuwa atlasi. Chini yake ilikuwepo nyingine kama hiyo. Mzee alilala chali kwenye majani akaanza kucheka bila sauti, machozi yakimshukia masikioni, na mimi nikatapika.

Watu walishuka kilimani wakikimbia. Mama alifika kabla ya wote, akanishika uso kwa mikono miwili, akaukagua kama anayemkagua mtoto aliyeanguka. Tarishi wa posta alicheza. Hata mkuu wa polisi alitabasamu, akainama kuziokota atlasi zile, na kutoka ndani ya moja ikaanguka bahasha nyembamba.

Ndani ya bahasha mlikuwa na picha. Hapo nikakumbuka kwamba Mzungu yule alikuwa na kamera shingoni, na kwamba aliomba asimame juu ya benchi. Nilikuwa mimi mbele ya ramani, nimenyoosha ufito, mdomo wazi. Na mbele yangu, wakiwa wamegeuza nyuso kumtazama mpiga picha, walikuwa watu wetu wote, kila mmoja anaonekana vizuri.

Mkuu wa polisi aliitazama muda mrefu. Tabasamu lilimtoka polepole.

"Huyu ni nani?" Aliweka kidole juu ya karani wa ushirika.

Nilimtazama mzee, naye akanitazama, na nikaona kwa mara ya kwanza siku ile kwamba ameogopa kuliko alivyoogopa nyuma ya ukuta.

"Ni mwanachama wetu, afande," alisema. "Ni mkutano wa wazi. Hata wewe tulikualika."

"Na huyu? Na huyu mwenye kofia?"

Akaendelea hivyo hadi benchi la mwisho. Mzee alitaja majina kwa sauti ya kawaida, kwa sababu mji ulikuwa mdogo, kila mtu anajulikana, na kuficha kungekuwa kukiri jambo ambalo halikuwepo. Kisha mkuu wa polisi akaiweka picha mfukoni mwa koti la mvua, akafunga kifungo. Atlasi aliturudishia siku ileile. Picha sikuiona tena.

Haikuwa serikali mbaya. Nilikuwa nikiipenda na bado naikumbuka kwa mapenzi. Lakini siku zile kila mtu alikuwa na hofu yake, na sisi tulikuwa tumeruhusu mgeni asiyefahamika atupige picha tukizungumzia vita vya jirani. Walituita mmoja mmoja kwenye ofisi ya wilaya. Mimi niliulizwa maswali yaleyale na watu tofauti, kwa upole, chai ikiwa mezani. Nani anawapa mada? Mnawapelekea nani habari? Baada ya hapo bwana misitu akasema kazi zimemzidi. Karani wa ushirika akahamishiwa Handeni. Ikasemwa ni uhamisho wa kawaida, na inawezekana ulikuwa hivyo. Muuguzi alinisalimia kanisani akiwa amegeukia upande mwingine. Chama kiliishi miaka mingine michache, kimepungua, kikizungumza zaidi habari za mito na miji mikuu, hadi ukumbi ulipochukuliwa kwa madarasa ya elimu ya watu wazima, na mzee mwenyewe akawa mmoja wa walimu wa madarasa hayo.

Lakini Jumamosi ya kwanza baada ya kifurushi, hakuna aliyejua kama chama kitaishi. Nilikuwa nimerudishwa darasani, watoto wote wakiwepo, na bado asubuhi ile nilimwambia mama kwamba siendi ukumbini. Alasiri ilipofika nikajikuta nafunga kilemba. Mama akafunga chake.

"Unakwenda wapi, mame?"

"Unakokwenda wewe."

Tulimkuta mzee ametundika ramani, amekaa peke yake kwenye benchi la mbele na atlasi magotini. Wakaja wakulima wachache, wale wa kukinga masikio. Akaja mkuu wa posta, kwa mara ya kwanza, akakaa karibu na dirisha. Na mwisho akaja mtu aliyevaa shati la kawaida na viatu vya askari, akakaa nyuma kabisa, akakunja nne.

Mzee aliniomba nieleze jinsi ya kusoma atlasi. Nikasimama. Sauti yangu ilitoka nyembamba, na kila nilipogeuka ukutani mgongo wangu ulihisi yale macho ya nyuma. Nilizungumzia Ziwa Viktoria. Nilizungumzia Mto Nile. Nilipofika kusini ya Ruvuma, mpaka wetu na Msumbiji, kidole changu kilirukia bahari, na sidhani kama kuna mtu ambaye hakuliona hilo. Mama alikaa mlangoni muda wote, amegeuza kiti, akiwatazama watu na si ramani.

Tulirudi nyumbani pamoja, ukungu umeshuka hadi magotini. Tulipita mashamba ya juu. Alikuwa ametangulia, kama alivyotangulia siku zote kwenye utelezi, akinionyesha pa kukanyaga.

"Jumamosi ijayo mtazungumza habari za wapi?" aliuliza.

Nikamwambia bado hatujaamua.

"Basi chagueni mahali pa karibu kidogo," alisema mama yangu, akaendelea kupanda.